Muulize Kocha: Nakula jabu kila siku, nakwepaje?

Barua za safari hii nyingi zinauliza jambo moja, kukwepa ngumi, hasa jabu, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele. Wengine wanaanza tu, wengine wana watoto wanaocheza, mwingine yuko mbali na nyumbani na hana hata begi la kupigia ngumi. Nimezichukua tano, ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana nne zinazofuata zinaegemea hapo.

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 19, niko Mbagala, nimeanza ngumi mwaka huu kwenye klabu moja ya mtaani kwetu. Begi napiga vizuri, padi za mwalimu napiga vizuri, pumzi ninayo, tatizo nikipandishwa ulingoni kuspaa, kupigana kwa mazoezi, nakula jabu tu yaani kila jabu linaingia. Mwalimu ananipigia kelele kwepa, kwepa! Nikijaribu najikuta nimefumba macho au nimerudisha kichwa nyuma alafu ngumi ya pili ndo inanikuta. Wenzangu wanasema mi mzito, sina spidi ya macho. Je kukwepa ni kipaji au mtu anajifunza?
*Msomaji wa Mbagala*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mtu anajifunza. Na hao wanaokwambia huna spidi ya macho wanakukatisha tamaa bure, kwa sababu hakuna bondia anayekwepa kwa spidi ya macho peke yake. Kuanzia jicho linaona mpaka mwili unaanza kusogea inapita kama sehemu moja ya tano ya sekunde, na hapo bingwa wa dunia hapishani na wewe kwa mbali sana. Jabu la mtu anayejua kazi linafika ndani ya muda huo huo. Sasa kama kila mtu angesubiri aione glavu inakuja ndo aanze kukwepa, hamna ambaye angekwepa jabu hata moja hapa duniani.

Wanachofanya ni kusoma kabla. Bega linashtuka kidogo kabla mkono haujatoka, mguu wa mbele unakanyaga, kiwiko kinafunguka, wengine wanavuta pumzi, wengine wanapiga jabu kila baada ya hatua mbili kwa mpigo ule ule na ukishaushika mpigo wake umempata. Kwa hiyo macho yako usiyaweke kwenye glavu, glavu inadanganya. Yaweke kifuani, pale chini ya shingo kati ya mabega mawili, uwe unaona mabega yote na kwa chini unaona magoti yake. Mwanzoni utajihisi huoni kitu, endelea tu, jicho linazoea.

Kingine ambacho huwa hawaambiwi wanaoanza ni umbali. Ukisimama mahali ambapo jamaa anakugusa bila kusogeza mguu, hata ufundishwe kukwepa na nani utakula tu, muda haupo. Simama pale ambapo ili akufikie lazima akanyage mbele. Ule mguu wake ndo unakupa muda. Jaribu kesho mazoezini, mwambie mwenzako anyooshe mkono wa jabu wote bila kusogea, glavu iishie kiganja kimoja mbele ya pua yako. Hapo ndo pa kusimama na hapo ndo pa kurudi kila mnapoachana, watu wengi wanaodhani hawajui kukwepa kumbe wanasimama karibu mno.

Hilo la kufumba macho usilionee aibu, mwili umeumbwa hivyo, kitu kikija usoni kope zinafunga zenyewe. Haliondoki kwa kupigwa sana kama wanavyosema, ukipigwa sana unafumba zaidi. Linaondoka kwa ngumi nyepesi nyingi ambazo haziumi. Weka gadi yako, yaani mikono juu kukinga uso, mwenzako avae glavu, akuguse taratibu paji la uso, mashavuni, kwenye glavu zako, bila nguvu kabisa, na wewe kazi yako ni kuangalia tu usikwepe chochote. Raundi moja ya dakika tatu kila siku kabla ya mengine. Mdomo ufunge, meno yabane kinga yako ya meno, na pumzi itoke puani kwa vipande vifupi, ukishika pumzi macho nayo yanafunga.

Sasa kukwepa kwenyewe. Watu wanavuta shingo. Shingo haina kazi kubwa hapa, kazi inaanzia mguuni. Simama mkao wako wa kawaida, kama unatumia mkono wa kulia basi mguu wa kushoto mbele, magoti yamelegea kidogo. Ili kwenda kulia geuza kiuno na mabega, bega la kushoto lije mbele, goti la kulia libebe uzito, na kichwa kinafuata chenyewe kama mlango unavyofuata bawaba. Kidevu kibaki chini, macho yabaki juu kwa mpinzani. Ukiona unatazama sakafu ujue umeinamia kiunoni, na aliyeinamia kiunoni anasubiriwa na apakati, ile inayotoka chini, na hiyo ukikutana nayo uso ukiwa unashuka ni mbaya kuliko jabu kumi.

Kiasi gani? Kidogo sana. Glavu ipite jirani na sikio, ikikukwaruza bega poa tu. Ukitupa kichwa futi nzima umekwepa kweli ila umetoka kwenye mizani, huwezi kurudisha ngumi na ya pili inakukuta bado unajikusanya. Nadhani hii ndo ngumi ya pili unayoilalamikia.

Alafu upande gani. Jabu la mtu anayesimama kama wewe linatoka mkono wake wa kushoto. Ukienda kulia kwako unatoka nje ya mkono wake, na mkono wake wa nyuma unakuwa mbali na wewe, hapo ni salama na uzito umeshakaa mguu wa kulia kwa hiyo ngumi yako ya kulia iko tayari, ipeleke kifuani au tumboni. Ukienda kushoto kwako unaingia ndani, katikati ya mikono yake, na ngumi yake ya nyuma inakuja moja kwa moja hapo ulipo. Sio kwamba hairuhusiwi, mabondia wazuri wanaingia ndani makusudi maana ngumi ya pembeni ya kushoto inakuwa imebanwa tayari kuachiwa, ila mkono wa kulia lazima uwe umeganda shavuni. Kwa anayeanza mi nasema miezi ya mwanzo jabu likwepe kwa nje tu. Ngumi yake ya nyuma, ile iliyonyooka, unaikwepa kwa kwenda kushoto, nje ya mkono wake wa kulia.

Na usikwepe bure. Kila ukikwepa rudisha kitu, hata kama ni kugusa tu bega. Anayekwepa bila kurudisha anampa mwenzake ruhusa ya kuendelea kurusha mpaka apate.

Hilo la kurudisha kichwa nyuma najua mnalitoa kwa Muhammad Ali. Ali alikuwa mrefu, mikono mirefu, miguu inacheza muda wote na alijua umbali kuliko karibu kila mtu wa uzito wa juu. Hata hivyo tarehe 8 Machi 1971 pale Madison Square Garden, raundi ya 15, ngumi ya pembeni ya kushoto ya Joe Frazier ilimfikia tu na kumwangusha chali. Kinshasa mwaka 1974 mbele ya George Foreman alilalia kamba, na kamba za ulingo ule zilikuwa zimelegea, akapata nafasi ya kurudisha kichwa mpaka akammaliza raundi ya nane. Wewe kamba za klabu yenu hazijalegea hivyo na huyo unayespaa naye sio kwamba amechoka kama Foreman. Ukirudi nyuma kwa mstari ulionyooka bado uko kwenye mstari wa ngumi, mwenzako anaongeza hatua moja tu anakukuta. Toka pembeni.

Mazoezi ni haya. Chukua kamba, hata ile ya kuanikia nguo, ifunge kutoka nguzo mpaka nguzo kwa urefu wa bega lako. Simama kamba ikiwa pembeni ya sikio, tembea mbele hatua ndogo ndogo ukipitisha kichwa chini yake kulia, kushoto, kulia, kwa magoti sio kwa mgongo. Wiki mbili za hiyo miguu itaanza kuelewa. Ikikubali, anza kurusha ngumi kila unapotokea upande wa pili.

Cha pili ni kifuko kidogo cha kuning'inia. Cus D'Amato, mwalimu aliyemfundisha Floyd Patterson na baadaye Mike Tyson kule Catskill, New York, alikitumia sana. Sio kifaa cha kununua, chukua soksi nene ijaze mchanga au mahindi, ifunge kwenye kamba ndefu ining'inie usawa wa pua yako. Isukume, ikija toka pembeni ikupite, ikirudi toka tena. Usiikwepe kwa kuifuata na macho peke yake, sikiliza mpigo wake. D'Amato hakuwa mtu wa vifaa vya gharama, hata lile dude lake maarufu la kufanyia mazoezi ya kupiga lilikuwa magodoro yaliyofungwa yakachorwa umbo la mtu na namba za kila sehemu ya kupiga. Patterson akawa bingwa wa uzito wa juu mwaka 1956 akiwa na miaka 21, na Tyson akaivunja rekodi hiyo Novemba 1986 kwa miaka 20, mwaka mmoja baada ya mzee kufariki. Ukiangalia Tyson wa miaka ile kichwa hakitulii hata sekunde, na kila akitoka upande mmoja ngumi inatoka naye.

Cha tatu ndo muhimu kuliko vyote, mwenzako. Mwombe mwalimu wako kwa heshima, mwambie mwalimu naomba raundi mbili za jabu tu. Jamaa anapiga jabu peke yake, nguvu ya kugusa, analenga bega lako au paji la uso, wewe unakwepa kwa nje tu unarudisha. Spidi nusu. Ikiwa rahisi ongezeni spidi, sio nguvu. Baadaye aongeze ya nyuma, jabu na nyuma, jabu jabu na nyuma. Hapo katikati ndo mtu anajifunzia. Kumpandisha kijana anayeanza aspae kwa nguvu zote alafu unamfokea kwepa, hakuna kitu unamfundisha zaidi ya woga.

SWALI: Hujambo kocha, mimi naandika kutoka Likoni, Mombasa. Nimecheza ngumi za ridhaa mwaka wa pili sasa, jabu nakwepa vizuri tu, lakini nikipatana na mashoto, anayesimama mkono wa kulia mbele, mambo yote yananiharibikia, nikienda kulia kama nilivyofunzwa napatana na mkono wake wa kushoto. Nifanyeje?
*Dada wa Likoni*

JIBU: Sijambo dada yangu, pole na hongera kwa kuendelea. Ulichofunzwa ni sahihi kwa mtu anayesimama kama wewe, kwa mashoto kila kitu kinageuka. Jabu lake linatoka mkono wa kulia, na ukitazamana naye huo uko upande wako wa kushoto, kwa hiyo nje yake ni kushoto kwako. Wewe unaenda kulia ambako silaha yake kubwa inakusubiri, ndo maana.

Likwepe jabu lake kwa kushoto. Mguu wako wa mbele uwe nje ya mguu wake wa mbele, hili la miguu kwenye pambano la mashoto ni nusu ya mchezo, utaona mtakanyagana sana na kila mmoja anautaka huo upande. Ukiupata, ngumi yako ya kulia iliyonyooka inapita katikati moja kwa moja. Ile ya kushoto yake, ya nyuma, ndo unaikwepa kwa kulia na goti la kulia likibeba uzito unarudisha pale pale. Na mkono wako wa mbele usilale, utumie kuziba na kusumbua glavu yake ya mbele ili jabu lisitoke kirahisi.

Omba klabu yenu ikupe mashoto wa kufanya naye mazoezi mara kwa mara, hata kama ni kijana mdogo. Kama hayupo mwombe mwenzako wa kawaida ageuze mkao, hatakuwa mkali ila miguu yako itajifunza. Na kama bado hujamtazama Fatuma Zarika wa kwenu Kenya, mtazame, mwaka 2016 alikwenda Marekani akamshinda Alicia Ashley na kuchukua mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC, na Ashley sio mtu rahisi kumgusa. Angalia anavyomfanya arushe kwanza.

SWALI: Kocha habari. Mimi ni mama niko Morogoro. Mwanangu wa miaka 15 anacheza ngumi, sikumkataza kwa sababu imemtoa vijiweni. Lakini wiki hizi akirudi mazoezini analalamika kichwa, juzi alitapika, nikamfuata mwalimu wake akaniambia mama usijali anazoea, bondia lazima azoee kupigwa. Anavaa ile kofia ya kujikinga. Je ni kweli atazoea?
*Mama wa Morogoro*

JIBU: Mama yangu, hapana. Ubongo hauzoei kupigwa, hakuna mtu yeyote ambaye ubongo wake umewahi kuzoea. Mtoto aliyepigwa kichwani alafu akaumwa kichwa na kutapika anatakiwa hospitali leo, sio kesho, hata kama sasa hivi anacheka na anakula. Mweleze daktari wazi kwamba amepigwa ngumi za kichwa na lini. Na kama ukimwona anasinzia isivyo kawaida au haamki vizuri, anachanganya maneno, anauliza kitu kile kile, mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu umelegea, au degedege, hapo usisubiri hata bajaji ya bei nafuu, mkimbize.

Dalili zinaweza kuja baadaye, na hapa naomba wote mnaofundisha watoto mnisikilize. Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988 akimpiga Mfaransa Laurent Boudouani kwa KO, yaani kumwangusha asiweze kuendelea, raundi ya pili kwenye fainali, dhahabu pekee ya Kenya nje ya riadha katika Olimpiki, mtu imara kweli kweli. Julai 1994 alipigana Las Vegas, refa akasimamisha pambano yeye akiwa bado kwa miguu yake, akaja kuzidiwa baada ya hapo na hakupona. Alikuwa na miaka 26. Kwa hiyo mtu kusimama na kuongea sio ushahidi kwamba ndani kuko salama.

Kofia inasaidia asichanike na asivimbe, ni vizuri aivae, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Shirikisho la dunia la ngumi za ridhaa liliwavua kofia wanaume wakubwa mwaka 2013 na Olimpiki ya Rio 2016 wakapigana bila kofia. Kwa hiyo mwalimu akikwambia ana kofia hamna shida, hajakujibu.

Asirudi ulingoni mpaka daktari aseme. Hatari kubwa ni kupigwa tena wakati la kwanza halijapona. Hata watu wazima wa ridhaa, anayepigwa KO ya kichwa sheria inamtaka akae nje siku 30 kwa uchache bila pambano wala spaa, na huyu ni mtoto. Akiruhusiwa, aanze na kukimbia, kuruka kamba, begi, shadoo (kupiga ngumi hewani peke yake), siku kwa siku, kichwa kikiuma tu asimame.

Na sio lazima umtoe kwenye ngumi kabisa mama, najua imemsaidia. Tafuta mwalimu mwingine. Nenda ukakae pembeni uangalie mazoezi siku nzima, utajua tu. Ukiona watoto wanafundishwa kukwepa kwa kugusana mabega, wanapangwa kwa uzito na umri, na mwalimu anasimamisha mara tu mmoja anapozidiwa, hapo mpeleke. Ukiona watoto wanapigana kwa nguvu zote na watu wazima wamezunguka wanashangilia, ondoka na mwanao hapo hapo. Mtoto wa miaka 15 anaweza kujifunza kukwepa vizuri mwaka mzima bila kupigwa ngumi nzito hata moja ya kichwa, na akifika 18 atakuwa mbele ya hao waliozoeshwa kupigwa.

SWALI: Kocha, kijiweni kwetu Arusha tunabishana nani mkwepaji bora wa muda wote. Wengine Ali, wengine Mayweather. Na mimi nataka kujifunza kwa kutazama, nitazame pambano gani?
*Shabiki, Arusha*

JIBU: Kwangu ni Pernell Whitaker, na sioni wa kumsogelea. Mashoto wa Virginia, dhahabu ya Olimpiki Los Angeles 1984. Tafuta pambano lake na Julio César Chávez, San Antonio, tarehe 10 Septemba 1993. Chávez alikuja na ushindi 87 bila kupoteza hata moja, na Whitaker akamfanya apige hewa usiku mzima. Majaji wawili wakatoa 115 kwa 115 na wa tatu akampa Whitaker 115 kwa 113, ikatangazwa sare, na mpaka leo watu wanakasirika na mimi nakasirika nao.

Wa pili Nicolino Locche wa Argentina, nyumbani kwao walimwita asiyegusika. Desemba 1968 alimfuata bingwa Paul Fuji Tokyo, akamkwepa mpaka Fuji akakata tamaa, kengele ya raundi ya 10 akabaki kwenye kiti chake. Bingwa wa dunia, ameketi, hataki kuinuka, kwa sababu ya mtu ambaye hakuwa hata na ngumi nzito. Locche anafaa sana kwa kujifunza kwa sababu anasimama karibu kabisa na unaona kila kitu kinachofanywa na kiuno.

Na Waruinge jamani msimsahau, Philip Waruinge wa Kenya, Mexico 1968, alipata shaba tu lakini akapewa kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi kuliko wote kwenye Olimpiki nzima. Mwafrika Mashariki. Vijana wetu wanamjua Tyson hawamjui yeye, inaniuma.

Namtaja pia Wilfred Benítez wa Puerto Rico, bingwa wa dunia akiwa na miaka 17 mwaka 1976, alikwepa mpaka wakamwita rada. Ila aliendelea kupigana miaka mingi baada ya miguu kuchoka na leo ubongo wake umeharibika, anahudumiwa kila kitu. Miguu ikishachelewa kukwepa kunaisha, na bondia mwenyewe ndo wa mwisho kujua.

Ukitazama zima sauti. Chagua raundi moja tu, itazame mara ya kwanza ukiangalia miguu pekee, mara ya pili kiuno, mara ya tatu angalia kitu gani kimetokea kabla ya kila ngumi iliyokosa. Na jiulize kila mara alikuwa amesimama umbali gani. Kutazama vipande vya dakika moja vya simu vyenye muziki haifundishi kitu, wamekata pale pale ambapo kazi inafanyika.

SWALI: Salamu kutoka Doha kocha. Mimi ni mlinzi hapa, kwetu Tanga. Chumbani tunalala watu sita, sina begi sina mwenzangu wa mazoezi, zamu ni masaa kumi na mbili. Nyumbani nilikuwa nacheza, sitaki kupoteza. Nifanye nini kwenye nafasi ndogo?
*Mlinzi, Doha*

JIBU: Pole na kazi kaka, na nakuheshimu kwa hilo. Kukwepa ndo zoezi linalokufaa hasa kwa sababu halitaki nafasi wala kelele, wenzako watalala.

Unahitaji uzi na mpira mdogo wa tenisi, toboa mpira pitisha uzi, funga juu ya fremu ya mlango au chuma cha kitanda cha juu, usawa wa pua. Raundi tatu za dakika tatu, dakika moja kupumzika kati. Ya kwanza kwepa tu, kulia na kushoto, taratibu. Ya pili kila ukikwepa rudisha ngumi moja hewani, ukienda kulia toa kulia, ukienda kushoto toa ya pembeni ya kushoto. Ya tatu changanya na hatua, kwepa, piga, toka pembeni hatua moja, geuka. Zikiisha hizo tatu na misuli ya mabega imechoka acha, usingizi wa mlinzi ni wa thamani kuliko raundi ya nne.

Siku ambazo hata mpira hutaki kufunga, simama mgongo karibu na ukuta, kisigino kama inchi tatu kutoka ukutani, ufanye kukwepa kwako. Makalio yakigonga ukuta ujue unainamia kiunoni badala ya kukunja goti. Zoezi hilo kwa dakika tano linakurekebisha kuliko kioo, ingawa kioo cha bafuni nacho kitumie, jitazame uso kwa uso na uhakikishe macho yako hayaachi kifua cha huyo wa kwenye kioo hata mara moja.

Joto la huko la kiangazi usikimbie nje mchana, kimbia alfajiri au usiku ukitoka zamu, maji ya kutosha. Na ukipata siku ya mapumziko uliza watu wa nyumbani mlioko nao huko, Waganda na Wakenya walinzi ni wengi Doha na kati yao hakosekani aliyewahi kuvaa glavu. Mkiwa wawili tayari lile zoezi la jabu tu nililomwambia kijana wa Mbagala hapo juu mnaweza kulifanya hata kwenye maegesho ya magari, glavu moja moja, analenga bega lako, spidi nusu, mnabadilishana kila raundi.